Waini nyekundu inavyobadilika kwenye chupa baada ya pointi za mwanzo kutoka: mwongozo kamili wa kuifuatilia mwenyewe

Swali linalorudi kila mara kwa watu wanaoanza kununua waini za maana ni hili: nimeona chupa imepewa na wahakiki pointi 95 kati ya 100, je nikiiweka miaka kumi itapanda au itashuka? Jibu ni kwamba hiyo 95 haikupewa chupa utakayoifungua wewe miaka kumi ijayo. Ilipewa waini changa, pengine hata haijatoka kwenye pipa, na aliyeionja alikuwa anatabiri. Kutabiri ni kazi ya heshima na kuna watu wanaiweza kwelikweli, ila unabaki kuwa utabiri. Huu mwongozo ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuipokea waini pale wahakiki walipoiacha, ajue lini afungue, lini asubiri, na lini akubali tu kwamba imeshapita.

Nianze na kisa cha Australia maana hakuna kinachoonyesha jambo hili vizuri kukizidi. Max Schubert alikuwa mtengenezaji mkuu wa waini wa kampuni ya Penfolds. Mwaka 1950 alipita Bordeaux, Ufaransa, akaonjeshwa nyekundu zenye miaka 40 hadi 50 na bado zina uhai, akarudi kwao na wazo la kutengeneza nyekundu ya Kiaustralia itakayoweza kukaa angalau miaka 20. Mwaka 1951 akatengeneza ya majaribio kwa zabibu za Shiraz, akailaza kwenye mapipa mapya ya mwaloni wa Marekani, akaiita Grange. Mwaka 1956 wakubwa wa kampuni wakataka kuonjeshwa zote, kuanzia ya 1951, wakaalika na watu wanaojua waini, na yakamkuta. Mmoja alisema inaonja matunda pori yaliyochanganywa na sisimizi waliopondwa. Mwingine akampongeza kwa kutengeneza poti (ile waini nzito na tamu ya Ureno) kavu, yaani isiyo tamu, nzuri sana ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeinunua, achilia mbali kuinywa. Mwaka 1957 akaandikiwa barua aache.

Hakuacha bwana. Mavuno ya 1957, 1958 na 1959 aliyatengeneza kimyakimya, bila hela ya mapipa mapya kwa sababu kirasmi hiyo waini haikuwepo. Zile za mwanzo nazo zikaendelea kukaa kwenye chupa zikilainika taratibu, watu wakazionja upya, na ilipofika 1960 wakubwa wale wale wakamwambia endelea. Ile ya 1955 ikaja kuzoa medali za dhahabu kwenye mashindano hadi ikawa inachosha. Mtengenezaji ni yule yule na chupa ni zile zile zilizotukanwa, kilichoongezeka ni miaka tu.

Ila usikimbilie kusema wahakiki hawajui kitu, maana mambo huenda pande zote mbili. Bordeaux ya mwaka 1975 ilisifiwa ikiwa changa kwa sababu ilikuwa na ukali na nguvu, watu wakasema hii ni ya kuweka, na nyingi tunda likafa kabla ukali haujaisha. Ya 1982 wapo waliosema imeiva mno, laini mno, haitafika mbali, wakati Robert Parker, mwanasheria wa Maryland aliyeanzisha jarida lake la waini mwaka 1978, akaisifu tokea kwenye pipa, na zile bora za mwaka ule zimevuka miaka 30 zikiwa nzuri. Halafu kuna Paris, tarehe 24 Mei 1976: Mwingereza Steven Spurrier aliyekuwa na duka la waini mjini humo aliwaonjesha waonjaji wa Kifaransa waini za California na za kwao bila kuwaambia ipi ni ipi, na kwenye nyekundu ikashinda Stag's Leap ya 1973. Utetezi wa Wafaransa ukawa kwamba za California ni tamu zikiwa changa tu, ngojeni muone. Wakangoja. Mwaka 2006 nyekundu zile zile zikaonjwa tena London na Napa kule California, na Ridge Monte Bello ya 1971, ambayo Paris ilishika nafasi ya 5, ikawa ya kwanza, na tano za juu zote zikawa za California.

Sasa tuingie kazini.

Kwanza elewa ndani ya chupa kunaendelea nini

Usiruke hapa, hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya hiki.

Nyekundu changa ina vitu vinne vya kuangalia: tunda, uchachu, kilevi na tanini. Tanini zinatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye mbao za pipa, na ndizo zinazoleta ule ukakasi unaokausha ulimi na fizi, wa kula bibo la korosho ambalo halijaiva sawasawa. Rangi nayo inatoka kwenye ganda. Kadiri waini inavyokaa, chembechembe za rangi na za tanini zinashikana, nyingine zinakua kubwa hadi zinazama chini kuwa mashapo, nyingine zinakatikakatika na kubadilika umbo, na matokeo yake mdomoni ni ukakasi uliopungua na ulaini ulioongezeka. Rangi inatoka zambarau iliyokoza, inaenda nyekundu ya damu, halafu rangi ya tofali, mwisho kahawia.

Harufu ndiyo inayobadilika zaidi. Mwanzo unapata matunda mabichi, beri, plamu, na kama imepita kwenye mapipa mapya unapata vanila, karafuu, moshi. Baada ya miaka yale matunda yanakaukiana, unapata tini na zabibu kavu, tumbaku, ngozi, uyoga, majani yaliyoanguka msituni, udongo ulionyeshewa. Kuna watu wanaipenda sana hiyo na kuna watu wanaichukia kabisa, na hakuna mwenye kosa. Hili liseme moyoni kabla hujatoa hela, kama unachopenda kwenye waini ni lile tunda linalopasuka mdomoni basi hakuna sababu ya kuweka chupa miaka 15, kunywa ikiwa changa ufurahi.

Kitu ambacho wengi wanakosea: uchachu na kilevi kwa kweli havibadiliki kiasi cha kuonekana. Waini yenye kilevi kinachounguza koo ikiwa na miaka miwili itakuunguza na ikiwa na 12. Waini isiyo na uchachu haitaupata kwenye chupa. Kinachobadilika ni vile vinavyoizunguka, kwa hiyo kama tunda limepotea na uchachu umebaki unaona kama uchachu umeongezeka, kumbe ndio wenyewe ule ule ila hauna tena pa kujifichia.

Hatua ya 1: Angalia tarehe kabla hujaangalia pointi

Ukikuta pointi tafuta zilitolewa lini na waini ilikuwa wapi wakati huo. Bordeaux wana mauzo ya awali wanayoyaita en primeur, ambapo wahakiki na wafanyabiashara wanakwenda kuonja mwezi wa nne hivi, waini zilizovunwa mwezi wa tisa au wa kumi uliopita. Yaani waini ina miezi sita, iko kwenye pipa, na itakaa humo mwaka mwingine au zaidi kabla ya kuwekwa kwenye chupa. Wanachoonja ni sampuli iliyoandaliwa na mwenyewe mwenye waini. Ndiyo maana wengi wanatoa pointi za kati ya namba na namba, mfano 94 hadi 96, kama kujiachia nafasi. Muuza duka yeye ataandika 96 tu kwa herufi kubwa, hilo ulijue.

Sampuli ya pipa inaweza kugawa hata wakubwa wenyewe. Mwaka 2004 Pavie, waini ya Bordeaux, ya mavuno ya 2003, mwaka ule wa joto kali Ulaya, Parker aliipa pointi za juu sana na Jancis Robinson wa Uingereza akaipa 12 kwa 20. Mwaka mmoja, waini moja, watu wawili ambao wote wana ujuzi wa miaka. Kilichowatenganisha ni ladha na namna kila mmoja alivyoona mbele, na wewe ukisoma unatakiwa ujue mdomo wako uko karibu na wa nani.

Kwa hiyo panga uhakiki kwenye makundi matatu: wa kwenye pipa, wa baada ya kuwekwa kwenye chupa au kutoka sokoni, na wa miaka mitano au kumi baadaye. Huo wa tatu ndio dhahabu na ndio watu hawausomi, maana unatoka wakati waini yenyewe haipo tena madukani na haina faida kwa muuzaji yeyote. Utafute. Kama huupati wa mwaka wako, soma uhakiki wa mavuno ya zamani ya shamba lile lile, unakupa picha waini ya watu hawa inazeeka vipi. Tovuti kama CellarTracker ambako wanywaji wa kawaida wanaandika walichokikuta walipofungua nazo zinasaidia, chukua mwelekeo wa wengi, usichukue neno la mtu mmoja.

Pia angalia muda wa kunywa ambao mhakiki anautaja, ile "2026 hadi 2040". Kwangu huo una maana kuliko pointi. Ila kumbuka umeandikwa kwa chupa inayolala kwenye sela, yaani chumba cha kulazia waini, yenye nyuzi 13, tutarudi hapo.

Hatua ya 2: Chagua waini inayostahili kusubiriwa

Waini nyekundu nyingi duniani, na hapa nasema nyingi kwa maana ya karibu zote, zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache ya mwanzo. Kuziweka hakuziboreshi, kunazichosha. Nyekundu za boksi, nyekundu tamutamu za bei ya chini, Beaujolais nouveau, ile waini changa ya Ufaransa inayotoka kila Alhamisi ya tatu ya mwezi Novemba, hizo nunua leo kunywa leo.

Zinazoweza kwenda mbali ni zile zenye tanini ya kutosha, uchachu wa kutosha na tunda la kutosha kwa pamoja. Vyote vitatu, kimoja kikikosekana safari inaishia njiani, ndicho kilichoziangusha zile za 1975. Zabibu zenye sifa hiyo ni Cabernet Sauvignon, Syrah ambayo ndiyo hiyo hiyo Shiraz, Nebbiolo ya Barolo kule Italia ambayo kisheria lazima ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa na 18 kati ya hiyo iwe kwenye mbao, Sangiovese ya Brunello huko huko Italia, Tempranillo ya Rioja kule Hispania. Rioja Gran Reserva mimi huwashauri wanaoanza, kwa sababu inatoka sokoni ikiwa imeshakaa angalau miaka mitano kwa mwenyewe, miwili ikiwa kwenye pipa, kwa hiyo sehemu ya kusubiri ameshakusubiria yeye na unaonja uzee wa waini bila kufunga hela zako muongo mzima.

Kwa sisi wa Dar na Nairobi kinachopatikana kirahisi ni waini za Afrika Kusini, na hapo kuna za kuweka kweli. Kanonkop Paul Sauer na Meerlust Rubicon zote ni mchanganyiko wa mtindo wa Bordeaux kutoka Stellenbosch, na Rubicon inatengenezwa tangu mavuno ya 1980 kwa hiyo ina historia ya kuangalia nyuma. Pinotage, ambayo Abraham Perold aliizalisha mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, iliyotengenezwa kwa umakini nayo inazeeka vizuri kuliko watu wanavyoidhania. Kitabu cha Platter's kinazipa nyota kila mwaka, ila zingatia tena, ni nyota za waini inapotoka.

Hatua ya 3: Nunua zaidi ya moja, na uikague

Chupa moja haikufundishi kitu. Utaifungua siku moja, utaikuta ilivyo, basi. Ukitaka kufuatilia nunua sita za aina moja, mwaka mmoja, siku moja, duka moja. Kama bei inauma nunua waini ya bei nusu lakini sita, utajifunza mara kumi zaidi kuliko mwenye chupa moja ya kifahari aliyoiweka kabatini anaiogopa.

Kwenye chupa yenyewe angalia mambo haya. Kimo cha waini: kwenye chupa changa kiwe ndani ya shingo, kikiwa kimeshuka kufika mabegani wakati waini ina miaka mitatu tu kuna tatizo la kizibo au imepikwa na joto. Kizibo kisiwe kimejisukuma juu, na kusiwe na michirizi ya waini iliyokauka kwenye shingo. Angalia pia duka lenyewe, mimi kuna duka huwa napita chupa za bei mbaya zimesimamishwa dirishani zinapigwa na jua la mchana, taa juu, kiyoyozi kinazimwa usiku, na bei iko pale pale. Hizo hata ziwe na pointi 100 muachie mwenyewe.

Na kama unanunua waini ya zamani kwa mtu, uliza imelala wapi miaka yote. Rudy Kurniawan alihukumiwa miaka 10 jela Marekani mwaka 2014 kwa kutengeneza chupa feki za waini za zamani nyumbani kwake, na walionunua ni matajiri wenye washauri. Wewe na mimi tununue changa tuzeeshe wenyewe.

Hatua ya 4: Mahali pa kulaza, hapa ndipo wengi wetu tunapofelia

Hapa nitakaa kidogo.

Vitabu vyote vinasema nyuzi 12 hadi 14, unyevu wa asilimia 60 hadi 75, giza, utulivu, chupa ilale ili kizibo kibaki na maji kisikauke. Sawa. Sasa toka nje Dar mwezi wa pili. Joto la mchana linagusa nyuzi 30 karibu mwaka mzima na ndani ya nyumba yenye bati usiulize. Kanuni ya kukadiria ya wanakemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa mabadiliko mengi unakaribia kuongezeka mara mbili. Kwa hiyo waini yako kabatini Kinondoni haizeeki kama ile ya Bordeaux kwa haraka tu, inazeeka vibaya, maana sio mabadiliko yote yanaongezeka kwa kiwango kimoja. Tunda linakufa kabla tanini haijalainika, unaishia na waini inayonukia jamu iliyoungua na zabibu kavu zilizochemshwa. Joto la juu likikaa siku chache tu linatosha kuiharibu. Na joto la kupanda na kushuka ni baya pia, waini inatanuka inasukuma kizibo, ikipoa inasinyaa na kuvuta hewa ndani.

Ufanye nini? Kama unaishi Nairobi, Arusha, Iringa, Mbeya una afueni, chumba cha upande usiopigwa na jua, chini kabisa, kwenye boksi lililofungwa, kinaweza kukaa kwenye nyuzi 18 hadi 20 na waini nzuri itavumilia miaka kadhaa, itaenda kasi kidogo tu. Pwani bila mashine usijidanganye. Friji maalumu la waini ndiyo suluhisho, hata lile dogo la chupa 12, na umeme ukikatika usilifungue, chupa nyingi zilizojaa pamoja zinashika ubaridi kwa saa nyingi. Ikikatika muda mrefu zihamishie kwenye deli.

Friji la chakula je? Lina nyuzi 4 hivi, kavu, linatetemeka, na vitabu vinalikataza. Ila kati ya friji la chakula na kabati la nyuzi 31, weka kwenye friji bila kuwaza, kwa mwaka mmoja au miwili haitadhurika, itazeeka polepole tu. Ukitaka kuilaza zaidi ya hapo tafuta njia nyingine, kwa mfano ndugu au rafiki aliyeko nyanda za juu mwenye stoo ya baridi na asiyekunywa, hiyo sifa ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza.

Chupa zenye kizibo cha kuzungusha hazina haja ya kulazwa, kizibo hakikauki. Na ukubwa wa chupa una mchango: nusu chupa ya mililita 375 inazeeka haraka kuliko ya kawaida, magnamu ya lita 1.5 inakwenda taratibu zaidi, kwa sababu hewa inayoingia kwenye chupa inagawanywa kwa waini nyingi zaidi.

Hatua ya 5: Fungua ya kwanza sasa hivi

Ndiyo, sasa hivi. Huwezi kujua imebadilika kama hujui ilianzaje. Iache ipumzike wiki mbili tatu baada ya safari, halafu ifungue, na kabla hujasoma tena uhakiki andika yako. Daftari, simu, popote, ila andika tarehe, ilikuwa imelala wapi, na haya: rangi ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, hasa pale pembeni, ni zambarau, nyekundu au imeanza kuwa ya tofali; harufu tatu za kwanza zinazokujia, kwa maneno yako mwenyewe, kama ni tunda la zambarau au ukwaju andika hivyo hivyo, usiandike kurant nyeusi ambayo hujawahi kuiona; ukakasi unaukuta wapi, ulimi, fizi, na unakaa muda gani; na ladha inadumu sekunde ngapi baada ya kumeza. Kisha ndio ufungue uhakiki ulinganishe.

Bakiza theluthi ya chupa, izibe, iweke hadi kesho kisha onja tena. Kama imefunguka na kuwa nzuri zaidi ni dalili kwamba ina nguvu ya kwenda mbele, kama imelala chali basi zilizobaki usizisubirishe sana. Sio kipimo cha kisayansi, hewa ya usiku mmoja haifanyi kazi ile ile ya miaka kumi ndani ya chupa, ila kama dokezo linasaidia sana.

Hatua ya 6: Panga ratiba ya zinazofuata na usitishwe na kimya

Mfano una Cabernet nzuri yenye muda wa kunywa wa miaka 5 hadi 15 na unailaza vizuri. Ya kwanza umefungua. Ya pili ifungue mwaka wa tatu au wa nne, ya tatu mwaka wa sita, baada ya hapo iache waini ikuongoze.

Hapo kwenye ya pili kuna mtego. Nyekundu nyingi nzito zinapita kipindi cha kujifunga: tunda la ujana limeondoka, harufu za uzee hazijafika, ukakasi bado upo, unanusa glasi hupati kitu. Waini za bonde la Rhône kule Ufaransa, za Châteauneuf na Syrah za kaskazini, zinajulikana kwa tabia hii, na Bordeaux nazo. Mtu anafungua, anakumbuka alisoma "matunda yanayomwagika", anakuta kimya, anasema wahakiki wamehongwa au chupa imekufa, zilizobaki anazigawa kwenye harusi. Usifanye hivyo. Namna ya kutofautisha kujifunga na kufa ni hii: iliyojifunga bado rangi imekoza, mdomoni ina uzito katikati, ukakasi upo na ladha ya mwisho ni ndefu hata kama harufu hamna. Inayokufa rangi imeenda kahawia mapema, katikati ya mdomo pako wazi, ladha inakatika haraka, na unabaki na uchachu na kilevi. Ikiwa imejifunga zilizobaki ziache zilale miaka miwili au mitatu zaidi, ikiwa inakufa kunywa zilizobaki mwaka huu huu.

Kuna pia chupa mbovu tu, haihusiani na umri. Ikinuka kadibodi iliyolowa au stoo yenye ukungu, hiyo ni kasoro ya kizibo, haitaisha hata ukiiacha ipumue wiki nzima. Usiiandikie waini yote hukumu kwa chupa hiyo, fungua nyingine. Na ukikuta vijiwe vinavyong'aa chini ya kizibo usiogope, ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe, haina madhara.

Wenye uwezo wana kifaa kinaitwa Coravin, sindano inapita kwenye kizibo, gesi ya agoni inaingia kujaza nafasi, unatoa glasi moja na chupa inarudi kulala. Kwa kufuatilia waini ya bei kubwa kinafaa, ila usitoe glasi moja halafu ukategemea itakaa miaka mingine kumi kama haijaguswa.

Hatua ya 7: Siku ya kufungua iliyokomaa

Isimamishe wima siku moja au mbili kabla ili mashapo yashuke chini. Vizibo vya zamani vinakatika, kizibuo cha kawaida cha kuzungusha kinaweza kukitoboa katikati na kuacha vipande, kile cha meno mawili yanayoingia pembeni mwa kizibo ni salama zaidi, unapenyeza kwa kutikisa taratibu kisha unavuta huku unazungusha. Mimina kwenye jagi la kioo kwa mwendo mmoja bila kukatisha, tochi ya simu ikimulika shingoni, ukiona wingu jeusi linakaribia acha. Unapoteza labda kidole kimoja cha waini.

Halafu usiiache ikae. Changa inafaidika na saa moja mbili ndani ya jagi, ila iliyozeeka sana inaweza kutoa kila ilichonacho ndani ya nusu saa na kuzimika, kwa hiyo mimina, nusa, anza. Nyuzi 16 hadi 18, na kwa joto letu maana yake ipoze kwanza kwenye friji la chakula la sivyo unakunywa supu. Chakula kiwe cha kawaida, nyama ya kuchoma isiyo na pilipili nyingi, kwa sababu harufu za uzee ni za chinichini na pilipili inazifuta zote.

Sasa chukua daftari, weka maelezo yako ya chupa ya kwanza, ya leo, na uhakiki wa mwanzo, uone nani alikaribia. Ukifanya hivi kwa waini mbili tatu tofauti utaanza kuona mpangilio wa nyumba yako mwenyewe. Mtu anayelaza kwenye nyuzi 18 mara nyingi atakuta waini imefika kabla ya mwanzo wa muda uliotajwa, na mwisho wake nao unawahi. Mimi kwa mazingira ya hivyo hukata theluthi moja: mhakiki akisema miaka 15, nahesabu 10, na chupa ya mwisho naifungua mwaka wa 9 hata kama ya kabla yake ilikuwa bado inapanda.